Kati ya Presha na Kifafa

"Sina kifafa mimi, sista. Nina presha tu."

Mwanamke aliyesema hivyo alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati, upande wa Ziwani, Mtwara, mimba yake ya miezi saba na siku zake. Kandambili alikuwa amezivua na kuziweka kando, kwani kamba zake zilishaanza kuchora alama kwenye miguu iliyovimba. Muuguzi alimtaka aende hospitali ya Ligula siku ileile, asilale, kwa sababu vipimo vilionyesha dalili za kifafa cha mimba. Yeye alijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayesahihisha jina lililokosewa kwenye kadi.

Nilikuwa nimemsindikiza mpwa wangu kliniki, sina kazi nyingine pale ila kusikiliza. Na maneno ndiyo yanayonilisha: natafsiri maandishi ya afya, vipeperushi na vitini. Mkobani siku hiyo nilikuwa na kurasa chache za sayansi kuhusu presha na kisukari cha mimba, na ndani yake istilahi moja iliyokuwa imenishinda wiki nzima. Nilipomsikia yule mama, nilijua hakuwa mkaidi. Alikuwa anajua Kiswahili. Kwa Kiswahili, mwenye kifafa ni yule aliyeanguka, akatetemeka, akatoka povu, watu wakamzunguka. Yeye alikuwa amekuja kwa miguu yake. Sasa kifafa kinatoka wapi?

Tulitazame neno lenyewe. Sikio la msemaji wa Kiswahili halisikii kifafa bila kusikia kufa ndani yake, tena kufa kulikorudiwa: fa, fa. Mbele yake imekaa ki-, kiambishi ambacho lugha yetu imekipa kazi ya ajabu ya kukusanya maradhi. Kichocho, kisonono, kipindupindu, kichomi, kikohozi, kiharusi, kichaa, kifua kikuu, wote wamo chumba kimoja. U- nayo ina wagonjwa wake, ukoma na ukurutu na utapiamlo, lakini mtu akisikia neno geni lenye ki- katika mazungumzo ya hospitali, moyo humdunda kabla hajajua maana. Juu ya hapo kifafa kina majirani wazito. Kina degedege, ambalo wazee wengi wa pwani walilihusisha na dege, mdudu wa usiku au ndege wa kishetani anayempitia mtoto. Kwa hiyo mja mzito anapoanza kutetemeka nyumbani, mara nyingi wazo la kwanza la familia ni mganga, na gari la kwenda hospitali huwa wazo la pili. Jina ndilo lililowaelekeza huko. Ukiuita ugonjwa kwa jina la jirani wa mashetani, usishangae watu wakiupeleka kwa anayejua mashetani.

Madaktari waliuita kwa neno la Kigiriki la nuru. Eklampsia, neno ambalo madaktari wa dunia nzima wanalitumia, asili yake ni mweko, mmuliko wa ghafla kama wa radi. Walimaanisha ujio wake wa ghafla. Lakini nimewasikia wakunga wakiuliza jambo ambalo linaipa ile radi maana nyingine: "Maruweruwe unayaona?" Neno tamu hilo, maruweruwe, na ni sahihi kuliko mengi ya vitabuni. Mwanamke ambaye damu inasukumwa kwa nguvu kupita kiasi kichwani huanza kuona vimulimuli, nyota, utando unaochezacheza mbele ya macho. Radi ya Wagiriki inamulika ndani ya macho yake kabla haijapiga mwilini. Wapi pengine lugha mbili zisizojuana zimekutana hivyo juu ya kitanda cha mgonjwa mmoja?

Shida ni kwamba wakati ule wa mawingu, kabla ya radi, hatukuupa jina. Vitabu vya wahudumu husema dalili za awali za kifafa cha mimba. Hebu hesabu: maneno saba, na yote saba yanaelekeza mbele, kwenye jambo ambalo halijatokea. Hata lugha za Ulaya hazikufanya vizuri zaidi. Ziliweka kiambishi cha "kabla" mbele ya lile neno la radi zikaona yatosha. Hivyo ugonjwa kamili, wenye mwanzo wake, mwenendo wake na mauti yake hata bila mtikisiko wowote, unaitwa utangulizi wa ugonjwa mwingine. Dalili ya mvua ni mawingu, ndiyo. Lakini mawingu tumeyapa jina, mawingu. Hatuyaiti dalili za awali za mvua.

Mahali pale pasipo na jina ndipo penye wokovu. Hapo ndipo presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20 mtu anaanza kuangaliwa kwa makini, na ikifika 160 kwa 110 inakuwa dharura. Hapo ndipo mkojo unapopimwa protini. Hapo ndipo magnesiamu salfeti inapochomwa, dawa ambayo jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2002, la wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, lilionyesha kuwa inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Nchi yetu imetembea mbali: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikadiria vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya ule wa 2015 na 2016. Katika vifo vilivyobaki, kifafa cha mimba bado kimo safu ya mbele, nyuma kidogo ya kutoka damu. Na mwanamke anayepaswa kukimbia hajui anakimbia nini, kwa sababu tumempa maneno mawili tu: moja dogo mno, moja kubwa mno.

Lile dogo ni presha. Presha tumeizoea. Haikupewa ki- ya maradhi. Iliingia nyumbani kama mgeni, ikakaa, ikawa ya familia. Kuna presha ya kupanda na presha ya kushuka. Watoto wakikosea mama husema msinipandishe presha. Timu ikicheza dakika za mwisho, tuna presha. Neno lililozungushwa namna hii hulainika kama sarafu ya zamani, na ndiyo maana "tu" hulifuata bila taabu: presha tu. Lile rasmi, shinikizo la damu, lina mfupa zaidi. Kushinikiza ni kubana kwa uzito hadi kitu kitoe kilicho ndani, na shinikizo ni chombo cha kukamulia mafuta. Kwa watu wa kusini, wanaolima ufuta na kujua mbegu inavyobanwa, picha hiyo ingekuwa na nguvu. Lakini magazeti yamelipeleka shinikizo kwenye siasa, na wagonjwa hawalitumii. Sijawahi kumsikia mtu wa Mtwara, akiwa benchini, akisema ana shinikizo la damu. Anasema ana presha.

Basi kati ya presha na kifafa kuna nini? Kuna kondo.

Kondo la nyuma. Hili ni neno nalipenda kwa sababu linashangaza kila ukiligeuza. Kilatini, ambacho madaktari wamekifuata, kilikiona kiungo hiki kikaona mkate: jina lake la kitaalamu lina maana ya keki, kwa ajili ya umbo lake bapa la duara. Kiswahili kilikitaja kwa wakati wake, kile kitokacho nyuma ya mtoto. Na washairi wa zamani walilijua neno kondo kwa maana nyingine kabisa: vita. Pengine ni maneno mawili yaliyovaa kanzu moja, jambo la kawaida katika lugha. Ziwani kwenyewe ni ndani ya maji na ni kifuani pa mama, kwa neno hilohilo ziwa. Ila mtu akishajua kinachotendeka ndani ya kondo linapougua, hawezi tena kuisahau ile maana ya vita.

Kinachotendeka ni hiki. Katika mimba njema, chembe hai za kondo hupenya kwenye ukuta wa mji wa mimba na kuivunjavunja misuli ya mishipa midogo ya mama iliyojipinda kama gamba la konokono. Mishipa hiyo hulegea, hupanuka, na damu huingia kwa utulivu kama maji kujaa mkondoni bamvua linapotulia. Katika mimba ya ugonjwa huu, kazi hiyo hubaki nusu. Mishipa inabaki myembamba na migumu. Damu huja kwa kuruka, mara tele, mara haba, na oksijeni huja hivyohivyo, kwa vipindi vya ukame na mafuriko. Kupungukiwa ni shida. Lakini kupungukiwa kisha kufurikiwa, tena na tena, ni shida kubwa zaidi, kwa kuwa ndani ya chembe, kwenye mitokondria zinazotengeneza nguvu, oksijeni iliyoshikwa vibaya hugeuka kitu kikali. Hupata elektroni moja iliyo peke yake, isiyo na mwenzake, na elektroni ya namna hiyo haitulii; hunyang'anya ya jirani, jirani naye hunyang'anya ya jirani yake. Mafuta ya ukuta wa chembe huharibika, protini huharibika. Mabaki ya ugomvi huo pamoja na protini zenye madhara humwagika kwenye damu ya mama, yakaikwaruza ngozi laini ya ndani ya mishipa yake yote, kuanzia figo hadi ubongo. Na lile fukuto la oksijeni huikamata nitriki oksidi, gesi ileile ambayo mwili huitumia kuiambia mishipa ilegee. Ujumbe wa kulegea ukishaporwa njiani, mishipa hukaza. Presha hupanda. Figo huvujisha protini. Ini likibanwa, mama husema chembe cha moyo, pale chini ya mbavu, kinauma.

Istilahi iliyonishinda wiki nzima ndiyo jina la vurugu hiyo. Mjerumani Helmut Sies, mwanakemia wa uhai, ndiye aliyeiweka mbele ya dunia kwa kitabu chake cha 1985, na alichokusudia kilikuwa wazi: mizani kati ya vitu vinavyooksidisha na vitu vinavyozuia kuoksidisha, na mizani hiyo ikainama upande wa vya kwanza. Jina alilolitumia lilikuwa na maneno mawili. La kwanza linatokana na oksijeni. La pili ni lile ambalo vijana wetu wanaliita stresi.

Hata oksijeni, tuseme ukweli, ni neno lenye kosa tumboni. Lavoisier wa Ufaransa alilitunga katika karne ya 18 kwa mizizi ya Kigiriki yenye maana ya mzaa ukali, yaani mzaa asidi, akidhani kila asidi imetokana na hewa hiyo. Baadaye zikapatikana asidi zisizo na oksijeni hata chembe. Kosa likathibitika, jina likabaki. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaodhani istilahi za kigeni zimeshuka zikiwa kamili na kwamba zetu ndizo za kubahatisha. Kwetu wanafunzi wa kemia wana oksidi, oksidisho, kuoksidisha. Maneno yamekaa vizuri kwenye sarufi, yananyambulika, sina ugomvi nayo.

Ugomvi ni wa lile la pili. Wengi huandika msongo, kwa kuwa msongo wa mawazo umeshazoeleka redioni. Nami niliandika hivyo kwenye rasimu ya kwanza, nikalala. Asubuhi nikaisoma sentensi yangu kwa jicho la mwenye mimba: "Kifafa cha mimba huhusiana na msongo katika kondo." Nikaifuta. Msongo kwa Kiswahili cha leo una mwenzi wake asiyemwacha, mawazo. Mama atasoma kwamba ameugua kwa sababu ya kuwaza sana. Mume atasoma hivyo. Mawifi watasoma hivyo, na watauliza alikuwa anawaza nini huyu, ana siri gani. Mtu ambaye mishipa yake ilishindwa kufunguka katika wiki za mwanzo, kabla hata tumbo halijaonekana, atabebeshwa lawama ya moyo wake. Neno moja tu limefanya hivyo.

Mkazo lina hoja nzuri zaidi. Asili ya neno la Kiingereza, ukilifuatilia hadi Kilatini, ni kukaza, kuvuta hadi kikaze. Wahandisi walilitumia kwa chuma na kamba, kisha Hans Selye, tangu miaka ya 1930, akalihamishia kwenye mwili wa kiumbe. Mkazo ni tafsiri aminifu ya mizizi hiyo, na kwenye sarufi tunaujua: mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, humo humo hata neno likirefuka. Lakini angalia mtego. Katika ugonjwa huu mishipa inakaza kwelikweli. Tukiita chanzo mkazo, msomaji atadhani tunasema juu ya mishipa kukaza, na hilo ni tokeo. Uaminifu kwa Kilatini utakuwa umetunyima uaminifu kwa kondo.

Kisha kutu. Kila ninayemweleza kemia hii, baada ya dakika mbili, huniambia: basi si kutu hiyo? Na huku pwani nani asiyeijua kutu. Bati la Msimbati halimalizi miaka mingi bila kubadilika rangi. Upepo wa chumvi unalila, na ndivyo tunavyosema, kutu inakula. Misumari ya mashua, bawaba za mlango, nanga. Kikemia ni ukoo mmoja kabisa: chuma kinapoteza elektroni, oksijeni inazichukua. Nililipenda kutu kwa siku tatu. Nililipeleka kwa mkunga mmoja mstaafu, mama mtu mzima aliyezalisha watu wa vijiji hivi na watoto wao. Nilimkuta jikoni anakata mabilinganya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo, lete maneno yako."

Nikamweleza. Alikuwa anakata kipande, anakitupa kwenye bakuli la maji yaliyokamuliwa ndimu. Vichache vilivyobaki juu ya ubao vilikuwa vimeshaanza kupiga weusi kwenye nyama yao nyeupe. Nikavionyesha kwa kidole, nikasema, bibi, hiyo ndiyo yenyewe, hewa inakula bilinganya. Akavitazama, akavisukumia majini. Akasema, "Hiyo nimekuelewa. Lakini usimwambie mwenye mimba anashika kutu. Mtu si bati. Kutu ni ya kitu kilichoachwa."

Alikuwa sahihi, na si kwa heshima tu. Kutu ni ya polepole, ya miaka, ya kitu kilichosahauliwa uani. Huku kondoni mambo ni ya wiki, mwishoni ni ya saa. Na dawa ya kutu ni kusugua. Ukishampa mtu picha ya kutu atatafuta cha kujisugulia ndani, na wauzaji wa vya kujisugulia hawakosekani. Vibao vyao vimejaa njia zote, kuondoa sumu, kusafisha damu, kusafisha kizazi. Neno viondoa sumu, ambalo waandishi wengi wa afya wamelipa vile vizuizi vya oksidisho, limeingia mlango huohuo. Nalikataa. Sumu ni kitu kilichotoka nje kikaingia; hapa oksijeni ni ya mwili wenyewe na hatuwezi kuishi zaidi ya dakika chache bila hiyo. Afadhali vizuia oksidisho, refu lakini la kweli. Wengine huandika vioksidishaji, ambalo ni kinyume chake kabisa, yaani wanamsifu mlinzi kwa jina la mwizi. Na tafsiri za mashine zimezaa "itikadi kali huru" kwa vile vijipande vyenye elektroni ya upweke, ambavyo wanakemia wetu wanaviita radikali huru. Mtu akisoma kwamba kondo lake lina itikadi kali atafanya nini?

Lile bakuli la ndimu limebaki akilini mwangu kwa sababu nyingine. Ndimu inazuia weusi wa bilinganya; hilo kila mpishi analijua. Mabibo yetu nayo, tunda lile linalodondoka chini ya mikorosho na kuoza kwa maelfu, yana vitamini C kuliko chungwa. Ingekuwa rahisi kuhitimisha: basi mja mzito apewe vitamini C, kondo lisiharibike. Na wanasayansi wakubwa walihitimisha hivyohivyo. Mwaka 1999 jaribio dogo la London, la wanawake 283, liliwapa vitamini C na E na likaleta matumaini. Mwaka 2006 Waingereza wakarudia kwa wanawake wapatao 2,400. Ugonjwa haukupungua, na watoto wenye uzito mdogo wakawa wengi zaidi kwa waliomeza vitamini. Mwaka 2010 Wamarekani wakajaribu kwa wanawake karibu 10,000, hakuna. Shirika la Afya Duniani likaandika mwaka 2011 kwamba vitamini hizo zisitolewe kwa lengo hilo. Kondo si kipande cha bilinganya ubaoni. Vita vyake vinapiganwa ndani ya chumba cha ndani kabisa cha chembe, kwa sababu ya mishipa iliyoshindwa kufunguka miezi iliyopita, na ndimu ya kumeza haifiki huko kwa wakati.

Kilichosaidia kilikuwa na majina ya kawaida. Aspirini ya kiasi kidogo, ikianzwa mapema kwa wenye hatari kubwa. Kalsiamu kwa wanaokula chakula chenye kalsiamu haba. Huko Dar es Salaam wanawake 11,000 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, sambamba na wengine 11,000 wa India, na ukaonyesha kuwa miligramu 500 kwa siku ziliwakinga na dalili za kifafa kwa kiwango kisichopungua kile cha miligramu 1,500. Kidonge kimoja badala ya vitatu. Kwa mama anayevuka na kivuko kutoka Msangamkuu kufuata dawa, tofauti hiyo si ya vitabuni.

Nimesema kisukari kidogo mno, na kimo katika kurasa zangu pamoja na presha. Kisukari kimepata ki- yake kihalali, na kina kosa lake vilevile. Wagiriki waliuita ugonjwa huo kwa jina la kupita moja kwa moja, kama maji kwenye mrija, kwa kuwa mgonjwa hunywa na kukojoa bila kukoma. Baadaye likaongezwa neno la asali. Sisi tukaenda moja kwa moja kwenye sukari. Kwa hiyo mama aliyeambiwa ana kisukari cha mimba huacha sukari ya chai, kwa nidhamu ya kweli, kisha akala sahani nzima ya ugali wa muhogo, ambao tumboni hauna tofauti kubwa na hiyo sukari. Na hapa tena mhusika ni kondo. Homoni zake huifanya insulini ya mama isitiiwe. Kwa wengi kongosho huongeza kazi likamudu, kwa wengine hushindwa. Sukari huvuka kondo kwenda kwa mtoto, insulini ya mama haivuki. Mtoto huzaliwa bonge, watu wakapiga vigelegele. Ndani ya chembe, mitokondria zilizojazwa sukari kupita uwezo zinafanya kama jiko lililoshindiliwa kuni: linatoa moshi zaidi ya moto. Moshi huo ni uleule wa vile vijipande vya oksijeni. Njia mbili, moja ya oksijeni inayokuja kwa kuruka na nyingine ya sukari iliyofurika, zimeishia kwenye uwanja mmoja.

Kwa nini basi tusiseme hivyo? Magonjwa yote mawili yanaletwa kwa mkono wa kondo, na mara nyingi huondoka kondo likishatoka, ingawa presha huweza kumfuata mama siku na wiki kadhaa baada ya kujifungua, na kisukari huweza kumrudia miaka ya mbele. Ningependa mama wa benchini aambiwe: una ugonjwa wa kondo. Jina hilo halimwiti mwenye mashetani, halimwiti mwenye hasira, halimwahidi kwamba ni presha tu. Linamwonyesha mahali. Na linamweleza kwa nini daktari anazungumzia kumzalisha kabla ya siku zake, jambo ambalo kwa mgonjwa wa "presha" halina mantiki hata kidogo.

Na ile vurugu yenyewe, mizani ya Sies iliyoinama? Neno lake lilinijia kwenye kivuko, nikirudi mjini. Pikipiki zilikuwa zimepakiwa kwa wingi upande mmoja, na mzee mmoja aliyesimama karibu yangu akasema, bila kumwambia mtu hasa, "Chombo kitalemewa hiki." Kulemewa. Ndiyo hiyo. Chombo kinacholemewa si kibovu. Mbao zake ni nzima, nahodha wake si mzembe. Kilichopakiwa kimezidi kinachoweza kubeba. Hakuna lawama ndani yake, wala sumu, wala mawazo. Kuna mizani tu, na dharura, kwani kila mtu wa pwani anajua chombo kilicholemewa hakingojewi hadi kesho. Kwa kitabu cha sayansi nitaandika mlemeo wa oksidisho. Linanyambulika, lina umoja na wingi, mwanafunzi atalizoea. Kwa kipeperushi nitaandika: kondo limelemewa. Nimelipeleka kwa bibi yule mkunga. Amelirudia mara mbili, polepole, akaniuliza kama na mama naye si amelemewa. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mja mzito. Jina lenyewe limeshasema uzito."

Siku ile benchini sikuwa na neno hilo bado, na muuguzi hakulihitaji. Mama aliposema ana presha tu, hakubishana naye. Alichuchumaa mbele yake, macho yao yakawa sawa, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, akaachia, na shimo likabaki.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Maruweruwe unayaona?"

Mama alinyamaza. Akatazama mlangoni, kwenye mwanga wa uwanja.

"Tangu jana magharibi," akasema. "Nilidhani ni njaa."

"Na hapa?" Muuguzi aligusa chini ya mbavu, kwenye chembe cha moyo.

Hakujibu. Aliinama akaanza kuzitafuta kandambili zake kwa mguu, na mpwa wangu akatoka nje kuita bodaboda.